Leveli 32, Uhai 100

Wadogo zangu, leo naanza na kisa cha nyumbani.

Sikukuu ya Idi binti wa mama mdogo alikuja kukaa kwangu siku tatu. Begi moja la nguo, jingine la laptopu. Pilau ilipoisha na watu wazima wamejilaza, akanishika mkono: "Dada, njoo unitazamie kitu, nakaribia kulia." Kumbe anacheza Skyrim, gemu ambayo nami imenikeshesha usiku mwingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mhusika wake ni Wood Elf, mpiga upinde, leveli 32. Kila akiingia kwenye mgodi mmoja wa majambazi anakutana na mtu mwenye shoka, anapigwa pigo moja, chali. Anarudia, chali tena.

Nikamwambia anifungulie ukurasa wa ustadi. Uhunzi 100. Utengenezaji dawa 100. Kutia vitu sihiri 100. Upinde 31. Kisha nikatazama mstari mwekundu wa uhai: 100. Katika Skyrim kila mtu huanza na uhai 100. Yeye kapanda ngazi 31 na hakuongeza hata tone. Kila alipopewa nafasi ya kuchagua kati ya nguvu za uchawi, uhai na pumzi, alichukua pumzi, ile ambayo skrini inaiita Stamina, kwa sababu kila pumzi 10 humwongezea mtu uwezo wa kubeba uzito wa 5. Alikuwa anasomba vyuma chakavu kutoka kwenye magofu ya Dwemer, watu wa kale wa gemu hiyo, kuvipeleka kwa mhunzi. Pumzi yake imefika 410. Anaweza kubeba mzigo wa punda, ila shoka moja linammaliza.

"Lakini Dada, nilifuata maelekezo yote ya kupanda haraka," akasema. Na kweli alifuata. Ndiyo maana kona ya leo nimeitoa kwa hili, kwa sababu najua hayuko peke yake.

Tuanze na namna gemu yenyewe inavyohesabu, maana asiyejua hesabu hii atapanda kipofu. Skyrim, iliyotolewa na Bethesda tarehe 11 Novemba 2011, haikupi pointi kwa kuua. Ina ustadi wa aina 18, na kila mmoja hupanda unapoutumia: ukipiga mishale, upinde unapanda, ukikinga kwa ngao, kukinga kunapanda. Ustadi mmoja ukipanda hatua moja, mhusika wako hupata pointi sawa na namba mpya ya ustadi huo. Uhunzi ukitoka 15 kwenda 16 unapata pointi 16. Ukitoka 99 kwenda 100 unapata 100. Na bei ya leveli inayofuata ni hii: chukua leveli uliyopo, zidisha kwa 25, jumlisha 75. Kutoka leveli 1 kwenda ya 2 ni pointi 100. Kutoka 50 kwenda 51 ni pointi 1,325.

Sasa piga hesabu nami. Uhunzi peke yake, kutoka 15 hadi 100, una pointi 4,930. Hizo zinakutoa leveli 1 na kukufikisha leveli 17. Ukiongeza utengenezaji dawa na kutia sihiri, zote kutoka 15 hadi 100, unafika leveli 32 bila kuua hata kaa wa matope. Gemu haiulizi pointi zako zimetoka wapi. Inaona 32, basi.

Na maadui nao wanaona 32. Hapo ndipo penye moyo wa jambo lote. Jambazi wa kawaida wa Skyrim ana ngazi zake: yule anayeitwa Bandit tu ni wa leveli 1, Outlaw ni wa 5, Thug ni wa 9, Highwayman 14, Plunderer 19, na Marauder 25. Wewe ukiwa leveli 4 unakutana na wale wa chini, wamevaa ngozi mbovu na upanga wenye kutu. Ukiwa 32, mgodi huohuo unakuletea Marauder. Hajui kwamba leveli zako umezipata kwenye fuawe ya mji wa Whiterun ukitengeneza majambia. Anakupiga kama mtu wa leveli 32 anavyostahili kupigwa.

Kwa hiyo nikisema kupanda kwa ufanisi, wadogo zangu, sina maana ya kufika leveli kubwa kwa saa chache. Nina maana kwamba kila ngazi unayopanda ikuache na nguvu zaidi kuliko adui aliyepanda pamoja nawe. Leveli ni mchongoma. Kupanda unapanda, lakini Skyrim haina njia ya kushusha leveli ya mhusika. Ukishapanda vibaya unaishi humo.

Waliocheza Oblivion ya mwaka 2006 wanalijua jambo hili kwa uchungu zaidi. Kule ulichagua ustadi 7 kati ya 21 uwe mkuu, na ulipopandisha hatua 10 za huo ustadi mkuu, ulilala kitandani ukaamka leveli mpya. Lakini nyongeza ya nguvu, akili au wepesi ilitegemea umepandisha hatua ngapi za ustadi unaohusiana navyo. Hatua 10 zilikupa nyongeza ya 5. Basi watu walicheza na daftari na kalamu mezani, wakihesabu kila hatua, wakiogopa kulala. Usipohesabu, maadui walikuacha nyuma. Nilikuwa mmoja wa wenye daftari, na nakumbuka jinsi furaha ya kuzurura nchi yake ya Cyrodiil ilivyogeuka kuwa kazi ya karani. Toleo jipya la Oblivion, la Aprili 2025, limeondoa mateso hayo: kila ukipanda unapewa pointi 12 za kugawa mwenyewe. Skyrim ilikuwa imeshaziondoa zile sifa zote na kubakiza uhai, uchawi na pumzi. Daftari halihitajiki tena, ila akili bado.

Sasa twende kwenye kutenda.

Mwanzoni mwa gemu, unapotoroka Helgen ukishuka kuelekea kijiji cha Riverwood, njiani kuna mawe matatu yamesimama. Usiyapite. La shujaa huongeza kasi ya kujifunza ustadi wa vita kwa asilimia 20, na uhunzi umo humo. La mwizi ni asilimia 20 kwa kunyata, deraya nyepesi, kufuli, udokozi, usemaji na utengenezaji dawa. La mchawi ni kwa aina zote za uchawi pamoja na kutia sihiri. Unashika moja tu kwa wakati, lakini unaweza kurudi kubadilisha muda wowote. Ukiwa na siku nzima ya kufua vyuma, shika la shujaa. Kesho ukienda kuchemsha dawa, rudi ushike la mwizi. Baadaye ukifika upande wa mji wa Markarth utalikuta jiwe la wapendanao, Lover Stone, ambalo linatoa asilimia 15 kwa kila ustadi. Mimi nikishalifikia hilo siliachi, kwa sababu sipendi kukimbia huku na huko.

Kisha lala. Nasema kweli, lala. Kitanda chochote kinakupa asilimia 5 ya ziada kwa saa nane za ndani ya gemu. Kitanda cha kukodi kwenye nyumba ya wageni au kitanda chako mwenyewe kinatoa 10. Ukioa au kuolewa na ukalala nyumba moja na mwenzako, 15. Kitanda cha wageni ni sarafu 10, na utazirudisha kwa kuuza chupa moja ya dawa. Ila ukikubali kunywa damu ya kukugeuza mbwa mwitu, usingizi wako hauna faida tena. Damu ile inakunyima mapumziko. Hilo wengi hulijua wakiwa wameshakunywa.

Halafu kuna suala la kuchagua. Usijaribu kujua ustadi wa aina zote 18. Chagua silaha moja ya kuulia, njia moja ya kujilinda, na ufundi mmoja, basi ufundi wa pili uje baadaye. Kabila ulilochagua mwanzoni limeshakuonyesha njia: Orc huanza na deraya nzito 25, Wood Elf upinde 25, Khajiit kunyata 25, Nord silaha za mikono miwili 25, Breton uchawi wa kuita viumbe 25. Si lazima ufuate, ila hatua hizo 10 za bure zina maana wiki ya kwanza.

Na pointi za vipawa, zile zinazochanua kama nyota angani kila ukipanda leveli, usizitawanye. Miti yote ya ustadi ya Skyrim ina vipawa 251, na utapata kimoja tu kwa kila leveli. Binti yetu alikuwa na kimoja kwenye udokozi, viwili kwenye kufuli, kimoja kwenye usemaji, kimoja kwenye ngao ambayo hajawahi kuibeba. Kama huna cha maana cha kununua, weka pointi yako. Haiozi.

Kuna jambo la silaha ambalo halijulikani sana. Ustadi wa upanga au upinde hupanda kwa kila pigo linalompata adui, na pigo huhesabiwa kwa nguvu ya asili ya silaha. Makali uliyoongeza kwa mhunzi hayaingii kwenye hesabu hiyo, wala sihiri. Kwa hiyo silaha yenye asili nzuri inakufundisha haraka kuliko panga bovu lililopambwa. Na adui anayekufa polepole anakufundisha zaidi, kwa sababu umempiga mara nyingi. Wanaocheza kwenye ugumu wa juu wanaona upinde wao unapanda kwa sababu hiyo. Sikwambii uende huko. Nakwambia usiogope adui mgumu ukiwa na dawa mfukoni.

Kwa kunyata, usikae umechuchumaa mbele ya ukuta usiku kucha. Najua kuna wanaofunga kijiti cha pedi kwa mpira, wanakwenda kulala, wanaamka kunyata kuko 100. Mimi sipendi, na sababu yangu ni ileile: asubuhi umeamka na leveli ambazo mikono yako haizijui. Nenda makaburini. Wale wafu wa Skyrim, draugr, hulala kwenye mashimo ukutani. Wanyatie, wachome kwa jambia kutoka nyuma. Pigo la karibu la kushtukiza hufundisha kunyata mara nyingi zaidi ya mshale wa mbali, na papo hapo unapandisha silaha ya mkono mmoja. Ukitumia upinde, anza kwa mshale wa mafichoni, maliza kwa jambia.

Uchawi una tabia tofauti kila shule. Maangamizi, yaani moto, barafu na radi, hupanda kwa madhara unayomfanyia adui tu. Kuchoma ukuta hakusaidii. Uponyaji haupandi kama huna jeraha, kwa hiyo jiponye katikati ya vita badala ya kusubiri iishe. Mazingaombwe yana njia rahisi: uchawi wa Muffle, ule wa kuzima sauti ya nyayo, hukupa ujuzi kila ukiutumia hata kama hakuna adui karibu. Ufanye ukitembea kutoka mji hadi mji na utashangaa. Uchawi wa kugeuza nao una Detect Life, unaoonyesha viumbe hai. Kadiri unavyoona wengi ndivyo unavyojifunza, basi uwashe katikati ya soko. Na ukipita kaskazini ya Whiterun kuna kambi ya majambazi iitwayo Halted Stream Camp. Ndani yake kuna kitabu cha Transmute, kinachogeuza mawe ya chuma kuwa fedha na fedha kuwa dhahabu. Hapo unajifunza kugeuza, kisha dhahabu unaipeleka kwa mhunzi. Kazi moja, faida mbili. Napenda sana vitu vya namna hiyo.

Nikishafika kwenye ufundi, nipeni muda kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotea.

Zamani ilikuwa kila kitu unachofua kinakupa ujuzi uleule wa uhunzi, kikubwa kwa kidogo. Kila mtu akawa anatengeneza majambia ya chuma, mkuo mmoja na kamba moja ya ngozi, mamia kwa mamia. Mwaka 2012 sasisho la 1.5 likabadilisha: sasa ujuzi unafuata thamani ya kitu. Jambia bado linafaa mwanzoni, lakini baada ya hapo pete na mikufu ya dhahabu inalipa zaidi. Uhunzi ukifika 30 unaweza kununua kipawa cha Dwemer, na upinde wa Dwemer unahitaji mikuo miwili ya chuma chao na mmoja wa chuma cha kawaida. Magofu yao yamejaa vyuma vya kuyeyusha. Ndivyo vilivyomla binti yetu. Alipaswa kumpa mwenzake wa safari abebe, na uhai wake auongeze mwenyewe.

Kwenye kutia sihiri, ukubwa wa kito cha roho, kile unachokitumia kutia sihiri, haubadilishi ujuzi unaopata. Kwa hiyo kwa mazoezi tumia vito vidogo vya bei rahisi, vikubwa viweke kwa silaha utakayoishi nayo. Na kila kifaa chenye sihiri usichokihitaji kivunje mezani kwanza, ujifunze sihiri yake. Hapo napo kuna ujuzi mwingi.

Dawa nazo hufuata thamani. Kiungo kimoja kina tabia nne, na njia ya haraka ya kujua ya kwanza ni kukila. Ukipata kidole cha mguu cha jitu, ukachanganya na ngano, unapata dawa ya kuongeza uhai yenye bei kubwa kuliko karibu zote utakazochemsha mwanzoni. Ongeza mmea wa Creep Cluster na bei inapanda zaidi. Ukiwa na kiwanja cha kujenga nyumba, kile kilicholetwa na nyongeza ya Hearthfire mwaka 2012, ngano na Creep Cluster utazipanda mwenyewe uani. Majitu yatabaki kuwa kazi yako.

Tazama sasa mnyororo huu. Unafua jambia: uhunzi. Unalitia sihiri: sihiri. Unaliuza: usemaji, kwa sababu usemaji hupanda kwa thamani ya unachouza. Fedha unayopata inakwenda kwa mwalimu. Kitu kimoja kimekupitisha ngazi nne. Kosa la binti yetu lilikuwa hapo mwishoni: aliuza kila kitu, akanunua madini zaidi, akarudi kufua. Mtu mwenye uhunzi 100 alikuwa amevaa deraya ya ngozi aliyoiokota leveli 6. Ufundi ule ungekaa mwilini mwake ungemlinda vizuri tu.

Maana kinga ina kikomo, na kikomo hicho kinafikika. Ukivaa vipande vinne, kichwa, kifua, mikono na miguu, namba ya deraya ikifika 567 umepunguza asilimia 80 ya mapigo, na hapo ndio mwisho. Zaidi ya hapo namba inapanda bure. Iwe deraya nyepesi au nzito, ni 567. Hiyo ndiyo shabaha ya kufua. Anayetaka maangamizi naye ana shabaha yake: kutia sihiri 100 pamoja na vipawa vyake, vazi moja linapunguza gharama ya uchawi wa maangamizi kwa asilimia 25. Vaa manne, moto wako unakuwa wa bure. Nikimwona mtu anapandisha ufundi huku anajua anataka kuvaa nini mwishoni, simzuii hata akeshe.

Waalimu je? Kila leveli unaruhusiwa masomo matano tu, na usipoyatumia hayajilimbikizi. Kwa hiyo kabla hujapanda leveli jiulize kama umetumia matano yako. Wengine hufundisha hadi 50, wengine 75, wachache hadi 90. Riverwood kuna Faendal, anayefundisha upinde hadi 50. Yeye na mwanakijiji mwenzake Sven wanagombea penzi la Camilla Valerius. Ukiwa upande wa Faendal, anakubali kufuatana nawe. Na akishakuwa mwenzako, fedha uliyomlipa unaweza kuichukua tena mfukoni mwake. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo niliona haya kama nimeiba kwa ndugu. Lakini kwa mpiga upinde maskini wa leveli 3, masomo matano ya bure kila leveli ni tofauti kati ya kuishi na kufa, na sitawaficha.

Mimi nawaambia pesa ya mwalimu itumieni kwenye ustadi unaowaokoa, na itumieni ukiwa mdogo bado, kabla bei haijapanda. Vitabu vya ustadi ni kinyume. Kila ustadi una vitabu vitano, na kila kimoja kinapandisha hatua moja, iwe uko 20 au 95. Hatua ya 21 utaipata kwa dakika chache. Ya 96 itakutoa jasho. Basi ukikuta kitabu usikifungue. Kichukue bila kukisoma, kiweke kwenye sanduku nyumbani, ukisome ukiwa umechoka kupanda.

Mengine mafupi. Chungulia mapango mapema, hata kama hutayamaliza, kwa sababu sehemu nyingi hukumbuka leveli uliyoingia nayo mara ya kwanza na maadui wake hubaki hapo. Zawadi za baadhi ya kazi nazo hupimwa kwa leveli yako siku unayopewa. Nightingale Blade, kwa mfano, haifiki ubora wake wa mwisho kabla ya leveli 46. Ukipata ujumbe wa kupanda leveli katikati ya mapambano, usikimbilie kuufungua. Siku uhai umebaki ncha, fungua, chagua, na uhai, uchawi na pumzi vyote vinajaa papo hapo. Hiyo imeniokoa mbele ya joka zaidi ya mara moja. Na mnaocheza kwenye umeme wa kukatika, hifadhini mara kwa mara kwa mkono wenu. Kuna jioni moja nilipoteza saa tatu za kuchemsha dawa na sikuigusa laptopu wiki nzima.

Tukarudi kwa binti yetu. Kwanza nilimwambia ashushe ugumu wa gemu hadi chini kabisa. Akaona aibu. Nikamwambia aibu ya nini, umo ndani ya nyumba yangu na hakuna anayekuona. Akashusha. Kisha, kwa kuwa bahati alikuwa na pointi tisa za vipawa hajazitumia, akanunua njia ya deraya nyepesi kwenye uhunzi hadi ya kioo, akafua seti kamili na akainoa. Akatengeneza pete, mkufu, glovu na kofia, vyote vya kuongeza nguvu ya upinde. Akachemsha dawa za uhai za ngano na kidole cha jitu, safari hii hakuziuza. Masomo matano kwa Faendal. Na nikamwapisha: leveli kumi zijazo, zote kwenye uhai.

Siku ya pili usiku, mimi niko jikoni nakosha sufuria, nikasikia kelele sebuleni. Yule mwenye shoka ameanguka. Mishale minne.

Juzi amenitumia ujumbe. Yuko leveli 37, upinde 64, ugumu amerudisha wa kawaida. Anauliza: tangu sasisho la 1.9 la mwaka 2013 ustadi uliofika 100 unaweza kurudishwa 15 na vipawa vyake vyote ukarudishiwa. Je, aufanyie hivyo uhunzi wake sasa? Nikamuuliza deraya yake inasoma ngapi. Akanijibu 412. Nikamwambia asubiri kwanza ifike 567.